Swali la Baada ya Ekspoze

Ekspoze za Kiingereza za vijana wa Goma zimeanza kufanana. Ekspoze ndilo jina letu la wasilisho: unasimama mbele ya darasa, mbele ya jopo la chuo au mbele ya watu wa shirika linaloajiri, unaeleza jambo moja kwa dakika kumi, kisha unaulizwa. Zamani uliweza kumtambua msemaji kwa makosa yake. Huyu aliandika kwa Kifaransa akageuza, yule alifundishwa na Waganda, mwingine alijisomea kamusi peke yake. Siku hizi karibu zote zinaanza kwa salamu ileile ndefu, zinakatwa katika hoja tatu zilizolingana, zinataja changamoto na fursa, na zinafungwa kwa wito wa kushirikiana. Sarufi yake haina doa, kwa sababu zimeandikwa na akili unde, ambayo wengi wetu tunaiita IA kwa herufi za Kifaransa. Halafu mtu aliyeketi benchi la nyuma anauliza swali dogo, na aliyesimama ananyamaza. Ukimya huo ndio ulionirudisha kwenye miaka tuliyokiona Kiingereza kikiingia katika mji huu, maana kila kilipoingia kilikuja na maswali, na aliyeweza kuyajibu ndiye aliyesikika. Ninachoshikilia ni hiki: chombo hiki kinamsaidia mwanafunzi wa Goma pale kinapomsikiliza na kumuuliza, na kinamdhuru pale kinapomsemea. Kinachotenganisha hayo mawili ni nani anatangulia kusema, mwanafunzi au mashine.

Kwa waliosoma hapa kabla ya vita, Kiingereza kilikuwa somo la ubaoni. Shule ilikuwa ya Kifaransa, nyumbani palikuwa na Kiswahili pamoja na Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Kishi, na Kiingereza kilingoja sekondari, saa chache kwa juma, mikononi mwa mwalimu ambaye mara nyingi hakuwahi kuishi mahali kinaposemwa. Mtihani wa kumalizia, Exetat, ulikiweka pamoja na Kifaransa katika siku ya lugha na kukipima kwa maswali ya kuchagua. Mwanafunzi alisoma kifungu, akatia alama kwenye herufi, akatoka nje. Hadi leo inawezekana kupata diploma ya serikali bila kutamka sentensi moja ya Kiingereza mbele ya mtu anayesubiri kujibiwa. Siwalaumu walimu waliotufundisha. Walifundisha kile ambacho mtihani ulikidai, tena katika madarasa yaliyojaa kupita kiasi. Lakini kabla ya kuilaumu mashine kwa kuua usemaji, ni haki kukiri kwamba usemaji haukuwahi kupewa nafasi shuleni kwetu. Kijana anayeiomba simu imwandikie ekspoze anaendeleza somo alilofunzwa kwa miaka: kwamba Kiingereza ni kitu cha kukabidhi kwenye karatasi.

Julai 1994 ilivuruga mpangilio huo. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, kipindupindu kikaua watu wengi mno juu ya mawe ya lava ya Kibumba na Mugunga, na mashirika ya dunia nzima yakashuka kwenye uwanja wetu wa ndege. Daktari aliyetoka mbali alihitaji mtu wa kumuuliza mama mtoto ameanza kuhara lini. Mwandishi wa habari alihitaji mtu wa kumweleza kwa nini watu wale hawarudi kwao. Baadaye, Umoja wa Mataifa ulipounda MONUC mwishoni mwa 1999, ambayo mwaka 2010 iligeuka MONUSCO, walikuja maofisa wa India na wa Afrika Kusini ambao Kifaransa chetu hakikuwafaa kitu. Mji ukajifunza kwa haraka kwamba cheti kizuri hakikumpa mtu kazi ikiwa hakuweza kujibu. Mkalimani hachagui mada wala hachagui swali. Anaulizwa barabara ya Sake inapitika au la, na jibu lake linaweza kulipeleka gari la askari mahali pabaya. Ninaona hapo ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba ujuzi wa lugha unaishi katika jibu ambalo mtu hakuliandaa.

Kisha ikaja Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege kurukia, ikateketeza maduka na nyumba za makumi ya maelfu ya watu. Katika miaka iliyofuata, mji ukijengwa upya kwa mbao juu ya mawe meusi, klabu za Kiingereza zilienea. Zilikutana mwisho wa juma katika madarasa ya kuazima na kumbi za makanisa, bila mwalimu wa kulipwa. Utaratibu wake ulikuwa karibu uleule kila mahali: mwenye zamu alipewa mada mapema, akaiandika kwanza kwa Kifaransa, akaihamisha kwa kamusi neno kwa neno, akaikariri usiku, akaja kuisoma. Kusoma kulichukua muda mfupi. Kilichochukua alasiri nzima ni maswali, na kanuni ilikuwa moja, kwamba hakuna kukimbilia Kifaransa. Mtu aliyewasilisha habari za volkeno aliulizwa na jirani aliyepoteza nyumba kwa nini onyo halikufika mtaani kwao. Kamusi haikuwa na jibu hilo. Msemaji alilazimika kulitoa kichwani mwake, kwa Kiingereza kibovu lakini chake, na wenzake walimsahihisha baada ya kumaliza, si kabla. Klabu zile zilikuwa na kasoro nyingi. Matamshi mabaya yalirithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, na wasichana walipewa zamu chache kuliko wavulana. Hata hivyo, zilishika jambo ambalo shule ililiacha: kwamba ekspoze ni maandalizi ya kuulizwa.

Ng'ambo ya Petite Barrière, kivuko chetu cha kwenda Rwanda, tuliona somo jingine. Oktoba 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, na walimu wa Gisenyi waliokuwa wamesomea Kifaransa maisha yao yote wakajikuta wanajifunza lugha hiyo pamoja na wanafunzi wao. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya mwanzo, na mwishoni mwa 2019 ikaamuliwa tena kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza. Sisi tuliokuwa tukitazama kutoka upande huu wa mpaka tulizoea kuuhusudu mwendo ule, na kweli vijana wa kule wamesonga mbele katika lugha hiyo. Lakini kule kurudi nyuma kwa mwaka 2011 kunaeleza ugumu ambao amri haiuondoi: mtoto anaelewa kwanza kwa lugha ya nyumbani, na anachokuwa hajakielewa hawezi kukitetea kwa lugha ya pili. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye simu, kwa sababu vijana wengi wanaitumia akili unde kuruka hatua hiyo hasa.

Somo zito kuliko yote lilikuja na Ebola. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukamalizika Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Ugonjwa ulipofika Goma Julai 2019, Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa ndani ya siku chache. Katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina ulifanyika utafiti wa dawa nne, na mbili kati yake zilionekana kuokoa wengi zaidi. Matokeo yalichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la kitabibu la New England, na mwandishi wa kwanza alikuwa Mkongo, Sabue Mulangu. Miongoni mwa waliouongoza utafiti alikuwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa kijana alipofika Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipoonekana kwa mara ya kwanza nchini kwetu. Ujuzi ule ulizaliwa kwetu, katika miili ya watu wetu. Dunia iliusikia kwa Kiingereza, katika vikao ambako kila takwimu inahojiwa. Hakuna anayeweza kukariri majibu ya kikao kama hicho. Unayajibu kwa sababu ulikuwapo, unaijua kazi yako, na unayo lugha ya kutosha kusema kwa nini mgonjwa fulani hakuhesabiwa. Ninapofikiria vijana wetu wa tiba katika vyuo vikuu vya UNIGOM au ULPGL, ndiko ninakotamani wafike, na Kiingereza cha kusomwa kwenye skrini hakitawafikisha.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulitiwa saini Nairobi tarehe 8 Aprili, na uanachama ukakamilika Julai. Novemba askari wa Kenya wa kikosi cha jumuiya hiyo walitua Goma, na kwa mwaka mmoja wao na raia walielewana barabarani kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Ripoti za kikosi hicho, hata hivyo, ziliandikwa kwa Kiingereza, na wafanyabiashara wetu wanaoleta mizigo kutoka Mombasa kupitia Uganda wanajua karatasi za forodha ziko katika lugha gani. Mwezi huohuo wa Novemba 2022, ChatGPT ilitolewa kwa watu wote. Mambo hayo mawili yalitufikia pamoja: haja mpya ya Kiingereza, na mashine inayokiandika kwa sekunde. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23, benki zikafungwa na ndege zikaacha kutua, haja hiyo imezidi, kwa kuwa kazi ya mbali na masomo ya mbali ni miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi kwa kijana wa hapa. Sishangai kwamba wanaikimbilia simu.

Sasa tuangalie ushahidi. Nchini Uturuki, watafiti waliwagawa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari katika makundi matatu kwenye masomo ya hisabati. Waliopewa akili unde ya kawaida walifanya mazoezi vizuri kuliko wenzao kwa asilimia 48, lakini ilipoondolewa siku ya mtihani walianguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa chombo kilekile kikiwa kimeelekezwa kutoa vidokezo badala ya majibu. Katika mazoezi walipanda asilimia 127, na katika mtihani anguko lile karibu halikuonekana. Ushahidi wa pili unatoka jirani zaidi, mjini Benin katika jimbo la Edo, Nigeria, na unahusu Kiingereza chenyewe. Kati ya Juni na Julai 2024 wanafunzi wa sekondari walitumia akili unde baada ya saa za shule kwa wiki sita, mwalimu akiwa chumbani, akiwapa mada na kuwaamuru watafakari walichokipata. Benki ya Dunia iliyoutathmini mradi huo ilikuta wamewapita wenzao kwa 0.31 ya mkengeuko sanifu katika mtihani uliojumlisha Kiingereza, ujuzi wa akili unde na stadi za kidijitali, kiasi ambacho wataalamu wa elimu wanakihesabu kuwa kikubwa kwa muda mfupi hivyo. Nikizisoma tafiti hizi pamoja, naona chombo ni kilekile na matunda yanapingana, na kilichoyatofautisha ni kama mwanafunzi aliachiwa kazi ya kufikiri au alinyang'anywa.

Chukua mada ambayo kila mtu wa Goma anaijua, biashara ya makala, yaani mkaa. Kijana akiiomba mashine imwandikie ekspoze ya dakika kumi juu ya mkaa na Hifadhi ya Virunga, atapata maneno mazuri kuhusu ukataji miti, wadau na nishati endelevu, na hakuna hata moja litakalomfaa atakapoulizwa gunia moja linaipikia familia ya watu wanane siku ngapi. Jibu analo. Anajua magunia yanashuka kutoka Masisi na Rutshuru, anajua mama anayeyapima kwa ndoo pembeni mwa barabara na jinsi bei inavyopanda barabara ikifungwa, anajua kwamba wenye umeme wa kituo cha Matebe nao wanapika maharagwe kwa makala kwa sababu jiko la umeme ni ghali. Yote hayo yako kichwani mwake kwa Kiswahili. Basi aanzie hapo. Azungumze kwa Kiswahili na mwenzake mpaka jambo lieleweke, ayaseme tena kwa Kiingereza alichonacho, vipande vipande, akijirekodi. Hapo ndipo aichukue simu, na amri ya kwanza iwe ya kuikataza kuandika: iulize maswali kumi ambayo mtu wa Nairobi asiyewahi kufika Goma angeyauliza, moja baada ya jingine, na isiendelee kabla haijajibiwa. Akimaliza, aiombe imwonyeshe sentensi tatu tu zilizokuwa na kosa la kuficha maana. Makosa mengine yangoje. Akifanya hivyo mara kadhaa, karatasi itakayotoka itakuwa na gunia lake, mama wa barabarani na umeme wa Matebe ndani yake, na swali la benchi la nyuma litakuta mtu.

Kusikiliza nako kuna kazi yake, na hapa mashine inatoa kitu ambacho klabu za zamani hazikuwa nacho. Simu nyingi zinaweza kuandika kile zinachosikia. Kwa Kiingereza, kitenzi cha kuishi na kile cha kuondoka vinatenganishwa na irabu moja, fupi au ndefu, na Kiswahili chetu hakituzoezi kuisikia tofauti hiyo. Kijana anasema kwamba familia zilizokimbia zinaishi Bulengo. Simu inaandika kwamba zinaondoka Bulengo. Katika ripoti ya wakimbizi wa ndani hilo ni kosa linaloweza kuhamisha msaada wa chakula. Anaposoma kwenye kioo cha simu kile kilichosikika, anaelewa papo hapo ambacho mwalimu angehitaji muhula kukieleza, na anaweza kurudia bila kuchekwa. Lakini asiifanye simu kuwa hakimu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mifumo mitano ya kampuni kubwa ilikosea asilimia 35 ya maneno ya Wamarekani weusi na asilimia 19 ya maneno ya weupe, na wote walikuwa wanasema lugha ya kuzaliwa nayo. Sikio la mashine limefunzwa kwa baadhi ya midomo kuliko mingine. Panapokuwa na shaka, mwenzake aulizwe: wewe umesikia nini? Akielewa binadamu aliyekusudiwa, lafudhi ya Goma haina haja ya kuombewa radhi.

Walimu wengi wanapinga kwa sababu nyingine. Wanasema huu ni udanganyifu, na wengine wameanza kutumia programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Hasira yao ninaielewa. Ni uchovu kusoma kurasa za mtu ambaye hakuziandika. Lakini programu hizo zitawaumiza wasio na hatia. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu saba kwa insha 91 zilizoandikwa na wageni wa Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa TOEFL, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo za binadamu zilihukumiwa kuwa za mashine, kwa sababu mwenye msamiati mdogo huandika sentensi rahisi na za kutabirika. Mwanafunzi wetu mwaminifu ndiye anayefanana zaidi na mshukiwa. Kuna njia ya kumtambua asiyeandika ambayo haihitaji programu yoyote, na klabu za miaka ile ziliitumia kila juma: muulize.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na Kiingereza wakati Kiswahili kinaenea. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viongezwe kuwa lugha rasmi, na Umoja wa Afrika nao umekipokea Kiswahili. Wanaweza kuongeza kwamba Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alihutubia Oslo mwaka 2018, alipopokea Nobeli ya Amani, kwa Kifaransa, na dunia ilimsikia. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuidogosha. Natamani siku ambayo msichana wa mtaa wetu wa Majengo atawasilisha utafiti wake Arusha, kwenye makao ya jumuiya, kwa Kiswahili na nakala ikaandikwa hivyohivyo. Lakini mshindi wa Nobeli hupewa wakalimani, na msichana huyo hapewi. Kwa sasa anayetathmini ombi lake la masomo anasoma Kiingereza. Ninachopinga ni kumfundisha kwamba Kiswahili chake ni kizuizi cha kuvukwa haraka, wakati ndicho kilichobeba anachokijua. Yale maandalizi ya mkaa niliyoyaeleza yanampa Kiswahili heshima ya kazi: ndani yake jambo linafikiriwa kabla halijapelekwa mbele ya wageni.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mega na umeme. Mwanafunzi anayenunua mega, yaani kiasi kidogo cha intaneti, za siku moja tu hana uwezo wa kuzungumza na mashine saa nzima, na umeme ukikatika simu inazima katikati. Jibu la nusu ni kwamba njia ninayoitetea inahitaji mashine kidogo kuliko ile ya kuandikiwa kila kitu na kurekebishiwa mara ishirini. Mazungumzo ya Kiswahili na kujirekodi havihitaji mtandao. Simu moja inatosha kikundi cha watu watano, maswali yakinakiliwa daftarini. Nusu ya pili sina. Wenye kompyuta na umeme wa uhakika watatangulia, na shirika lolote linalofadhili mafunzo ya Kiingereza Goma lingefanya vema kulipia mega na chumba chenye umeme kabla ya kulipia mabango.

Na kuna hatari ambayo watu wa miji yenye amani hawaifikirii. Mada za hapa ni za moto. Kijana anayeandaa ekspoze kuhusu ubakaji, uporaji au kufungwa kwa kambi anaweza kuiambia mashine jina la shahidi, mtaa anakolala, na siku aliyosema naye. Maneno hayo yanatoka kwenye simu na kuhifadhiwa mahali asipopajua, na simu yenyewe inaweza kufunguliwa na mtu mwingine kizuizini. Kila mwalimu wa Kiingereza wa mji huu afundishe hili kabla ya sarufi: majina, mitaa na tarehe za watu walio hatarini haviingii humo, na mazungumzo yafutwe. Vilevile takwimu zinazotolewa na mashine zisiaminiwe hivihivi. Inaweza kuchanganya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 na ule wa tarehe 22 Mei 2021, ambao lava yake ilisimama karibu na Buhene, na ikasema kosa hilo kwa Kiingereza laini kinachomnyima msikilizaji shaka. Chumbani kuna watu waliokimbilia Sake na Rubavu siku zile za Mei. Waulizwe wao.

Kiswahili chetu chenyewe ni kigeni kwa mashine hizi. Zimelishwa zaidi maandishi ya Dar es Salaam na Nairobi, kiasi kwamba ukiandika makala zinadhani unazungumzia maandishi ya gazeti. Wakati wa Korona, wafasiri waliweka Kiswahili cha Kongo peke yake, pembeni ya kile cha pwani, katika hazina ya tafsiri iliyoitwa TICO-19, na huo ulikuwa mwanzo mzuri uliobaki mdogo. Vijana wa klabu wanaojirekodi kila juma wangeweza kuukuza kwa hiari yao, kwa mada zisizomhatarisha mtu: mapishi ya sombe, uvuvi wa sambaza ziwani, namna ya kuunda chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo.

Kinachobaki ni alama. Vyuoni kwetu ekspoze hupewa alama kati ya 20, na desturi inatoa sehemu kubwa kwa karatasi. Ningependa kuona jopo moja tu, la chuo chochote mjini, likijaribu kwa muhula mmoja kugawa hivi: tano kwa maandishi, tano kwa usemaji, kumi kwa majibu ya maswali matatu ambayo msemaji hakuyaona kabla. Aruhusiwe kutumia akili unde katika maandalizi na aeleze wazi aliitumia wapi. Swali la kwanza liulizwe na mwanafunzi mwenzake, la pili na mwalimu wa Kiingereza, na la tatu na mtu wa nje anayelijua jambo lenyewe, muuza makala, muuguzi au dereva wa lori, atakayeuliza kwa Kiswahili na kungoja kujibiwa kwa lugha zote mbili.